Kabla ya kuhalalisha bangi, tutazame mirungi ya Upare

Pale Kifaru, ukiacha lami ya barabara kuu ya Moshi, unateremka kupitia Butu hadi Kichwa cha Ng'ombe, kando ya Ziwa Jipe. Ng'ambo ni Kenya. Huko mirungi, wenyewe wanaiita miraa, ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao. Huku kwetu sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 imeiweka kapu moja na bangi, na kifungo cha anayeilima kinaweza kufika miaka 30.

Marufuku ya bangi ilianzia mbali. Mwaka 1925 mkutano wa Geneva uliiingiza katika mkataba wa kimataifa wa kasumba, na Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, ilitia saini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ukaibana zaidi. Mmea wa mirungi haukuguswa. Zilizodhibitiwa baadaye ni kemikali zake. Kuikataza mirungi, kwa hiyo, ni uamuzi wetu wenyewe.

Milimani Same, hasa kata ya Tae, uamuzi huo una uzito wake. Machipukizi huchumwa yakiwa machanga, yakafungwa mabunda ndani ya majani ya mgomba yasinyauke, kwa sababu baada ya siku mbili hivi nguvu yake imeshapungua. Ndiyo maana mzigo husafirishwa mbio. Mti mmoja huchumwa mara kadhaa kwa mwaka, ilhali kahawa ina msimu wake, na bei yake iliporomoka makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989. Hesabu ya mkulima naielewa, ingawa hali ya vijana wasiolala kwa kutafuna vijiti inaniuma. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imepanda milimani huko, ikafyeka mashamba na kuhimiza mazao mbadala. Tangawizi ya Mamba Miamba, yenye kiwanda chake, inaonyesha kuwa njia nyingine ipo, ila zao bila barabara na mnunuzi wa uhakika halimtoi mtu kwenye mirungi.

Mwaka 2019 mbunge wa Kahama Mjini, Jumanne Kishimba, alitaka bangi iruhusiwe kwa ajili ya dawa. Desemba 2020 Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa kwenye orodha ya dawa zilizobanwa kuliko zote. Hoja ya matibabu ni nzito, nami naiunga mkono. Lakini Lesotho, iliyotangulia Afrika kutoa leseni mwaka 2017, ilivuta kampuni za kigeni zenye mitaji ya uzio, maabara na vibali vya kuuza nje. Mwenye nusu ekari kwenye mteremko wa Tae hana hata kimoja kati ya hivyo. Suala hili likirudi Dodoma, nataka wabunge waanze na leseni: itagharimu kiasi gani, na ushirika wa wakulima wadogo utaruhusiwa kuiomba au la.