Uzuri wa Mkakasi: Jinsi Wasomaji Walivyojifunza Kuipima Tovuti

Tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva kilitangaza kwamba mfumo wa tovuti, uliobuniwa na Tim Berners-Lee, ungekuwa huru kwa watu wote bila malipo. Tangu hapo, mwenye kompyuta na laini ya simu aliweza kuchapisha atakacho. Zamani kitabu kilipita kwa mhariri, mchapishaji na mkutubi kabla ya kumfikia mwanafunzi. Hao nao walikosea, lakini msomaji aliweza kujua habari imepitia mikono ya nani. Kwenye tovuti milango hiyo haikuwepo. Kazi ya kupima ikamwangukia msomaji, naye hakuwa ameandaliwa.

Hapa Marekani, mfano mashuhuri ni tovuti ya martinlutherking.org. Jina lilikuwa la heshima, na anwani iliishia na .org, ambayo wengi waliidhania kuwa alama ya taasisi ya kuaminika. Iliwakaribisha wanafunzi wajipime kwa maswali juu ya Martin Luther King. Kumbe mwenyewe alikuwa Stormfront, mtandao wa wazungu wabaguzi ulioanzishwa na Don Black, aliyewahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, na yaliyomo yalikusudiwa kumchafua King. Jina la Stormfront lilikuwepo, lakini chini kabisa ya ukurasa. Kwa miaka mingi tovuti hiyo ilitokea karibu na juu kabisa watu walipomtafuta King kwenye Google. Na hiyo .org huuzwa kwa yeyote anayelipa.

Kwa nini watu walinaswa? Mwaka 2002, B. J. Fogg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu zaidi ya 2,600 tovuti mbili mbili wazilinganishe na waeleze ipi inaaminika zaidi. Karibu nusu ya maoni yalihusu sura: rangi, picha, mpangilio, maandishi. Nani hasa anaiendesha tovuti ni jambo lililotajwa mara chache. Wazee wetu walishalisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Walimu na wakutubi wakatunga orodha za maswali. Mwandishi ni nani? Tarehe ipo? Kuna marejeo? Orodha hizo zilisaidia kiasi, ila zilimwacha msomaji ndani ya ukurasa uleule. Ni sawa na kumuuliza muuza samaki kama samaki wake ni wabichi.

Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew, nao wa Stanford, walitazama watu 45 wakifanya kazi hiyo: wanafunzi 25, wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, na wahakiki wa habari 10. Waliwapa, miongoni mwa mengine, tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya American Academy of Pediatrics, chama kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1930. Nyingine ni ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa kupinga watu wa jinsia moja kuasili watoto. Majina yanafanana na kurasa zote mbili ni nadhifu. Wanafunzi wengi walipotea, na baadhi ya wanahistoria pia, kwa kuwa walisoma kwa makini kile kilichokuwa mbele yao tu. Wahakiki walitoka kwenye ukurasa mapema, wakafungua kurasa nyingine pembeni, na kuuliza wengine wanasemaje juu ya wenye tovuti.

Ajabu ni kwamba kwenye karatasi wanahistoria wanaijua njia hiyo. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa maandishi ya Kiarabu, na pia kwa kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552. Maandishi hayo mawili hayalingani kila mahali. Hakuna aliyeamua kwa kutazama uzuri wa mwandiko. Walikwenda kwenye sarafu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ziliibuliwa sarafu zaidi ya 2,000, zikiwemo za Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za Wafatimi za karne ya 11. Hapo ndipo tarehe za utawala huo ziliporudishwa nyuma.

Sisi tunaosoma ughaibuni tuna sababu zaidi ya kuishika njia hii. Jamaa nyumbani hutuuliza kuhusu vyuo, viza na dawa, na jibu letu hawalihakiki, kwa kuwa limetoka kwa mtoto wao aliye Marekani. Mtu anaweza kuuza shamba kwa ajili ya chuo kisichotambuliwa. Kabla hujawatumia anwani ya tovuti, toka kwanza kwenye ukurasa huo, utafute jina la mwenyewe kwingine, usome wengine wanamjua kwa lipi. Ni kazi ya dakika chache.