Maji ya Mpunga, Maji ya Umeme: Mabogini katika Bonde la Pangani

Historia ya kuhifadhi nishati katika bonde la Pangani ni historia ya kugawana maji. Skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, iliyafikisha maji ya Rau na Njoro katika mashamba ya mpunga ya Mabogini. Chini yake kuna mitambo ya Nyumba ya Mungu (megawati 8), Hale (21) na Pangani mpya (68), uliokamilika mwaka 1995. Kwa mpangaji wa umeme, maji yaliyoishia shambani yalikuwa nishati iliyopotea. Kwa mkulima, yalikuwa chakula. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991, ilikabidhiwa mgongano huo. Kwa hiyo, kuokoa maji shambani kulikuwa pia kuokoa umeme. Hoja iliyobaki ni nani abebe gharama: anayewasha taa au anayelima.