Kabla hujaagiza gari la umeme, uliza kwanza habari za reli

Nilikuwa kimya kidogo, si mnajua tena, kazi za chumba cha habari hazina Jumapili. Leo nataka tuongee jambo lililoanzia sebuleni kwa mjomba wangu, Nyegezi, hapa hapa Mwanza.

Mjomba ni mstaafu wa reli. Miaka mingi alikuwa akiunganisha mabehewa pale Bandari ya Mwanza Kusini. Kiinua mgongo kilichobaki anataka kukinunulia gari, na safari hii hataki la petroli. Alikuwa ameshaona kwenye simu gari dogo la umeme, mtumba wa Japani, bei inaingilika. Akanisogezea simu: "Mjomba, wewe ndiye msomi wetu. Hebu nichunguzie kabla sijatuma hela." (Msishangae, kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba.)

Kwenye picha, mbele ya gari, palikuwa na kifuniko kimefunguliwa. Ndani yake matundu mawili ya kuchajia, moja dogo na moja kubwa. Swali la mzee lilikuwa fupi tu: "Hili kubwa la nini?"

Nikadhani nitajibu kwa dakika mbili. Nilitumia wiki nzima.

Ngoja tuanze na jibu la haraka. Umeme wa TANESCO unaofika ukutani kwako ni wa AC. Betri ya gari inahifadhi umeme wa DC. Kwa hiyo lazima pawe na kifaa cha kugeuza. Ukichomeka kwenye tundu dogo, kifaa hicho ni kile kilichomo ndani ya gari, nacho kina uwezo mdogo. Soketi ya kawaida ya nyumbani ikitoa kama kilowati 2.3, betri ya kilowati-saa 40 iliyokauka itakula zaidi ya saa 17. Unalala, unaamka, unakwenda kanisani, unarudi, bado inachaji. Tundu kubwa ni habari nyingine. Hapo kifaa cha kugeuza umeme kiko nje, kwenye nguzo ya kuchajia, na DC inaingia moja kwa moja kwenye betri. Nguzo ya kilowati 50 inaweza kuifikisha betri ya namna hiyo asilimia 80 ndani ya saa moja.

Sasa shida iko hapo kwenye tundu kubwa. Dunia haijakubaliana liwe la umbo gani.

Wajapani ndio walitangulia. Mwezi Machi 2010, kampuni ya umeme ya Tokyo, TEPCO, pamoja na watengenezaji wa magari wakiwemo Nissan, Mitsubishi na Toyota, waliunda umoja wa kusimamia kiwango kinachoitwa CHAdeMO. Jina lenyewe lina utani ndani yake. Linafanana na maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai, yaani gari linachaji wakati wewe unakunywa kikombe chako. Desemba ya mwaka huo huo Nissan Leaf ikaanza kuuzwa ikiwa na tundu hilo.

Wajerumani na Wamarekani hawakutaka kunywa chai hiyo. Mwaka 2012 kampuni nane, miongoni mwao Volkswagen, BMW, Ford na General Motors, zilijitokeza na kiwango chao, CCS, ambacho kinaunganisha chaji ya polepole na ya haraka kwenye mdomo mmoja. Hata hao hawakuelewana mpaka mwisho, maana CCS ya Marekani ina umbo moja na ya Ulaya ina umbo jingine, linaloitwa CCS2. China nayo ikawa na cha kwake, GB/T. Tesla wakawa na cha kwao peke yao. Hesabu vizuri, tayari ni vichwa vitano.

Mtaniambia: si unanunua adapta tu? Nami niliwaza hivyo hivyo. Nilikumbuka enzi za simu za Nokia, pini nene na pini nyembamba, unapita duka kwa duka kuomba chaja. Lakini gari si simu. Kabla umeme haujaanza kupita, gari na nguzo lazima viongee kwanza: betri ina kiasi gani, inahimili volti ngapi, isimame lini. CHAdeMO na GB/T hupitisha mazungumzo hayo kwa njia moja, CCS kwa njia nyingine kabisa. Kuoanisha midomo pekee hakutoshi. Adapta ya kuvusha kutoka CCS kwenda CHAdeMO lazima iwe na kompyuta ndani ya kufanya kazi ya mkalimani, na bei yake si ya kibanda cha vifaa vya simu.

Jumapili iliyofuata nikampelekea mzee majibu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Hiyo si habari mpya," akasema. "Hiyo ni habari ya reli."

Hapo ndipo darasa likageuka, mimi nikawa mwanafunzi.

Waingereza walianza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, wakafika ziwani mahali walipopaita Port Florence, ambapo leo ni Kisumu, Desemba 1901. Upana wa reli ulikuwa mita moja. Kwa nini mita moja? Kwa sababu India ilikuwa na reli nyingi za mita moja, na mafundi, vifaa na mabehewa vilitoka huko. Haikuwa kwamba mtu alikaa akapima ardhi ya Afrika Mashariki akaona mita moja ndiyo inatufaa. Ni kilichokuwepo dukani.

Wajerumani upande wetu walikuwa wameanza na reli ya Tanga mwaka 1893, kisha Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Nao walitumia mita moja. Basi ilipokuja Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza wakavuta njia kutoka Voi kuelekea Taveta, na mwaka 1916 ikaungana na reli ya Wajerumani huko upande wa Kilimanjaro. Maadui wawili waliokuwa wakipigana walijikuta reli zao zinaingiliana kama tundu na plagi.

Mwaka 1928, chini ya Waingereza, njia ya kutoka Tabora ikafika Mwanza. Miaka ya katikati ya 1960 zikaja meli za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru. Hizi ni meli zenye reli juu ya sitaha. Behewa linatoka Dar, linafika Mwanza Kusini, linasukumwa ndani ya meli likiwa na mzigo wake, linavuka ziwa, linashuka Kisumu au Port Bell na kuendelea na safari. Hakuna gunia linaloguswa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mjomba. "Sisi tulikuwa tunachomeka nchi moja kwenye nyingine," alisema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, wanasiasa wakanuniana, lakini upana wa reli haukuvunjika. Ndiyo maana mwaka 2018, baada ya miaka kadhaa ya kusimama, MV Umoja ilipoanza tena kupeleka mabehewa Port Bell, mabehewa yaliingia tu. Yule mwenye kusukuma hakuhitaji mkalimani.

Sasa geuza upande wa pili. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Upana wake ni milimita 1,067, kwa sababu ililazimika kuungana na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Ni uamuzi wenye mantiki kabisa. Lakini kati ya 1,067 na 1,000 kuna milimita 67, pungufu ya urefu wa kidole changu cha kati. Kwa kidole hicho, reli mbili zinazoanzia jiji moja haziwezi kupokeana behewa. Kituo cha kufaulisha mizigo kilijengwa Kidatu, mahali njia ya mita moja inapokutana na TAZARA, na kikafunguliwa mwaka 1998. Zaidi ya miaka 20 baada ya treni kuanza kupita! Na kufaulisha maana yake ni nini? Ni kushusha na kupakia tena. Muda, vibarua, mizigo kupotea, na gharama inayoishia kwenye bei ya bidhaa dukani.

"Hiyo adapta yako ya kompyuta," mzee akaniambia, "ndiyo Kidatu."

Na hadithi haijaisha. SGR yetu ni ya milimita 1,435. Abiria walianza kupanda Dar hadi Morogoro Juni 2024, na kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Kenya nao wana SGR ya upana huo huo tangu 2017. Tumeelewana basi? Bado. Yetu inaendeshwa kwa umeme wa nyaya za juu, ya Kenya ilianza na vichwa vya dizeli. Behewa linaweza kukanyaga reli zote mbili, lakini kichwa chetu cha treni kikifika mahali nyaya zinapoishia, kinasimama. Umbo linalingana, lugha hailingani. Na reli zilizomo ndani ya MV Umoja bado ni za mita moja, kwa hiyo behewa la SGR likifika ziwani litakuta meli ya bibi yake.

Sasa turudi kwenye gari la mzee, maana hela ni ya kweli.

Sisi Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, usukani kulia, ndiyo maana mitumba yetu mingi inatoka Japani. Gari la umeme la mtumba kutoka huko kwa kawaida linakuja na CHAdeMO. Lakini tazama dunia ilivyokwenda. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2014 kwamba nguzo za umma za chaji ya haraka ziwe angalau na CCS2. Nissan wenyewe, walioanzisha mambo, walipotangaza gari lao la Ariya mwaka 2020 waliliwekea CCS kwa masoko ya Ulaya na Marekani. Novemba 2022 Tesla walifungua kiwango chao kwa wengine, na mwaka 2023 Ford na General Motors wakahamia huko. CHAdeMO ikabaki na ngome yake nyumbani, Japani, yaani pale pale tunaponunua sisi.

Kwa upande mwingine, magari mapya ya Kichina yanayotengenezwa kwa ajili ya nchi za usukani wa kulia mara nyingi huja na CCS2. Ethiopia, ambao usukani wao uko kushoto na waliozuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, wanaweza kupokea hata yale ya soko la ndani la China yenye GB/T. Maana yake ni kwamba hapa kwetu mitumba inavuta upande mmoja, magari mapya yanavuta upande mwingine, na jirani wa kaskazini ana yake.

Wapo watakaosema soko litaamua lenyewe. Nilichojifunza kwa mjomba ni kwamba soko likiamua, sisi wa mwisho wa reli ndio tunaofaulisha. Mita moja haikuwa upana bora kuliko wote, ila ilikuwa mmoja, na ndiyo iliyofanya ziwa hili liwe barabara. Wakubwa wa TBS, EWURA na TANESCO hawahitaji kutafuta kichwa kizuri kupita vyote duniani. Wachague kimoja mapema kwa nguzo za umma, halafu kwa miaka ya mwanzo waagize nguzo ziwe na waya wa pili wa CHAdeMO, kama nguzo nyingi za Ulaya zilivyofanya, ili walionunua mitumba wasiachwe jangwani. Waya wa pili leo ni rahisi kuliko Kidatu ya kesho.

Na mzee je? Kwa mizunguko ya Nyegezi, Mkolani na mjini, tundu dogo linamtosha, anachaji usiku akiwa amelala. Lakini yeye kwao ni Musoma, kilomita 200 na ushei, na gari lile la mtumba, betri ikiwa imeshachoka, halifiki bila kuchaji njiani. Hapo ndipo tundu kubwa linapokuwa na maana, na hapo ndipo linapoweza kuwa pambo tu.

Nilimuuliza ameamuaje. Akasema pale bandarini, kabla ya kusukuma behewa ndani ya meli, walikuwa wanauliza kwanza nani anasubiri ng'ambo na ana reli gani. Hela hajatuma. Amenipa kazi nyingine: nikipita Lamadi na Bunda nimwangalizie kama kuna nguzo yoyote ya kuchajia, na ina mdomo gani.

Nitawaletea majibu. Tuko pamoja.