Mgomba wa Japani
Mgomba wa Japani (Musa basjoo) ni aina ya mgomba inayostahimili baridi kuliko migomba mingi. Licha ya jina lake, asili yake ni kusini mwa China. Japani ulipandwa kwa ajili ya nyuzi za kufumia vitambaa. Siku hizi ni pambo la bustani nchini Uingereza na kwingineko Ulaya. Ndizi zake ni ndogo, zimejaa mbegu na haziliwi.

Jalidi ya kwanza huyababua majani. Shina, ambalo kwa kweli ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, hujaa maji, hivyo likiganda huoza. Tunguu lililo ardhini ndilo uhai wenyewe: likifunikwa kwa matandazo mazito huweza kuvuka baridi ya takriban nyuzi -12 za Selsiasi na kuchipua tena.

Anayetaka mgomba mrefu hulinda shina pia. Hukata majani yaliyobabuka, hulizungushia shina wavu wa waya, hujaza mabua makavu, kisha hufunika juu mvua isiingie. Plastiki iliyobana haifai kabisa, kwani unyevu uliofungiwa huozesha shina hata pasipo baridi kali. Kinga huondolewa jalidi ikishakoma.