Walipoinuka na Kutoka: Mahafali ya Wachicano, San José

Tarehe 14 Juni 1968, mahafali ya chuo kimoja yakiendelea San José, California, watu wapatao 200, Wachicano (Wamarekani wa asili ya Meksiko) waliokuwa wakihitimu na baadhi ya waliokuja kuwashuhudia, waliinuka wakatoka kupinga hali ya chuo. Chuo hicho, siku hizo kikiitwa San Jose State College, kilikuwa na vijana wachache mno wa asili ya Meksiko. Tena waliofunzwa hapo ualimu, ustawi wa jamii na upolisi walikwenda kufanya kazi katika mitaa ya Wameksiko bila kuandaliwa kuwahudumia wakazi wake.

Machi mwaka huohuo maelfu ya wanafunzi Wachicano wa sekondari walikuwa wamegoma mashariki mwa Los Angeles, mwalimu Sal Castro akiwaunga mkono. Mwaka 1969 wanaharakati wakakutana Santa Bárbara kupanga masomo ya Kichicano vyuoni. Katika vuguvugu hilo mahafali ya Wachicano wenyewe, mbali na yale ya chuo kizima, yakaota mizizi, kisha yakapokea Walatino wa kila asili.

Katika mahafali ya kawaida mhitimu huitwa peke yake, akapeana mkono na wakubwa, akashuka. Katika haya ya Wachicano, mara nyingi hupanda jukwaani na mama, baba, bibi, wadogo zake, hata mtoto wake wa kumzaa. Kihispania na Kiingereza husemwa pamoja, ili mzazi aliyechoka mgongo kwa kuchuma stroberi asihitaji mkalimani siku ya mwanawe. Mariachi hupiga tarumbeta, fidla na magitaa. Juu ya joho huning'inia mtandio wa sarape, kitambaa cha Kimeksiko chenye milia ya rangi kali, na wapo wanaouvua wakamvisha mzazi. Aliyewahi kuona ukoo mzima ukikodi basi kwenda kumshangilia mhitimu mmoja hahitaji kuelezwa zaidi.

Wapo wasemao sherehe hizi hutenganisha wanafunzi. Februari 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani iliviandikia vyuo kwamba rangi ya mtu isizingatiwe, na mahafali yakatajwa humo. Baadhi ya vyuo vikafuta sherehe zao. Sikubaliani na hoja kwamba sherehe hizi hutenganisha. Mahafali ya chuo kizima yapo palepale, na mhitimu yuko huru kuhudhuria yote mawili. Na wale wa 1968 hawakudai kutengwa; walidai nafasi zaidi chuoni kwa vijana wao, na walimu wanaoijua jamii wanayoifundisha.