Eluma: filimbi za Wanande zinazotaka kundi zima ili wimbo mmoja usikike

BUTEMBO – Siku ya arusi mjini Butembo au Beni, wakaaji wamezoea vipaza sauti, kinanda cha umeme na kwaya. Lakini wazee wa Kinande wanaijua sauti nyingine, iliyokuwa ikisikika kwenye sherehe katika vilima vya Lubero na kando ya mlima Ruwenzori: sauti ya eluma. Vijana wengi wa miji hii miwili wanaijua kwa jina tu.

Eluma si filimbi ambayo mtu mmoja hupiga wimbo mzima. Kila filimbi ni bomba lililozibwa chini. Mpigaji hupuliza ukingoni mwa tundu la juu, kama mtoto apulizavyo shingo ya chupa tupu, na bomba moja hutoa sauti moja. Refu lina sauti nzito, fupi lina sauti nyembamba. Kila mtu hungoja nafasi yake, hupuliza, hunyamaza, na mwenzake huingia palipoachwa wazi. Wimbo unatokana na kupokezana huko. Asipokuwepo mmoja, wimbo una pengo ambalo hakuna mwingine wa kuliziba, kwa kuwa bomba lake halimo mikononi mwao.

Kuziba bomba chini kuna maana yake. Bomba lenye urefu wa sentimita 30 lililo wazi pande zote mbili hutikisa hewa mara zipatazo 560 kwa sekunde. Ukiliziba upande mmoja, hutikisa karibu nusu ya hapo, yaani sauti inashuka oktava nzima. Kwa njia hii fundi anapata sauti nzito kwa kijiti kifupi ambacho mchezaji anaweza kucheza nacho ngoma bila kuchoka.

Eluma ina ndugu zake. Kuna nyamulere, filimbi yenye matundu, ambayo hupigwa na mtu mmoja. Kuna pia endara, vipande vya mbao vinavyolazwa juu ya magogo ya mgomba na kugongwa na watu kadhaa kwa pamoja. Ala hizi ziko pia upande wa pili wa mlima, kwa Wakonzo wa Uganda, ambao pamoja na Wanande hujiita Bayira. Mkataba wa mwaka 1910 kati ya wakoloni uliupitisha mpaka juu ya Ruwenzori na kuwagawa watu hao, lakini majina ya ala yalibaki yale yale pande zote mbili.

Mwaka 1952, wakati wa utawala wa Wabelgiji, Hugh Tracey alipita mashariki mwa Kongo na mashine zake za kurekodi, na Wanande ni miongoni mwa aliowarekodi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na kazi yake ingalipo katika chuo kikuu cha Rhodes. Katika miaka ya 1960, Peter Cooke naye alirekodi muziki wa Wakonzo, na sehemu ya mkusanyo wake imehifadhiwa London. Hivyo mtoto wa Butembo anayetaka kusikia jinsi babu zake walivyopiga muziki, sauti hizo zinatunzwa mbali na nyumbani.

Je, ala iliyokaribia kunyamaza inaweza kurudi? Mfano mmoja uko Ireland. Huko kuna zumari ya mfuko iitwayo uilleann, jina linalotokana na neno la Kiairishi la kiwiko. Mpigaji hapulizi kwa mdomo. Hubana mivuo kwa kiwiko kimoja na mfuko kwa kingine. Bomba moja hupiga wimbo, mengine hushikilia sauti isiyobadilika, na mengine yenye vibonye huongeza sauti za kusindikiza. Bomba la wimbo huegemezwa gotini, na likizibwa chini sauti hukatika kwa ghafla, jambo linalolikaribia lile la eluma. Seti za zamani zilizotengenezwa na mafundi kama Kenna na Coyne zina sauti nzito na ya upole kuliko nyingi za leo.

Njaa kuu ya miaka ya 1840 na uhamaji uliofuata viliwatawanya watu wa Ireland, na baadaye wapigaji wakabaki wachache. Mwaka 1968 wachache hao waliunda chama chao, Na Píobairí Uilleann. Mafundi walipima seti za kale, upana wa matundu na unene wa mianzi midogo inayotoa sauti. Wazee walirekodiwa na vijana wakafundishwa. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka upigaji huo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Lakini tofauti ni kubwa. Zumari ya Ireland hubeba sauti zote mikononi mwa mtu mmoja. Akikimbia na ala yake, wimbo unakimbia naye. Eluma haiwezi kukimbia hivyo. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu vijijini mwao. Mmoja yuko Oicha, mwingine Butembo, mwingine amevuka mpaka hadi Uganda. Kisha ukaja Ebola, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ukaua zaidi ya watu 2200, huku mikusanyiko ikiogopwa na mazishi yakifanywa kwa masharti. Kundi la filimbi linahitaji watu wakae pamoja, na hilo ndilo vita na ugonjwa vilivyowanyima wakaaji.

Ndiyo maana kazi ya kuhifadhi eluma haiwezi kuishia kwenye kuhifadhi bomba moja ukutani. Kinachotakiwa ni seti nzima: urefu wa kila bomba kwa sentimita, zamu ya kila mpigaji, na sherehe ambayo wimbo ulikuwa wake. Simu ya mkononi inatosha kurekodi, na mwalimu wa shule anaweza kupima kwa rula. Kazi ngumu ni kuwakusanya wazee mahali pamoja wakati bado wapo wa kutosha kujaza zamu zote.