Liemba ilipokuwa ikiitwa Graf von Goetzen

Meli Liemba haikuzaliwa na jina hilo. Wakaaji wa Uvira, Baraka, Kalemie na Kigoma wameizoea kama meli ya abiria, ya magunia ya mihogo na dagaa, na wengi waliopitia ukimbizi wanaikumbuka kwa sababu nyingine itakayofuata hapa chini. Lakini ilipoteremshwa majini kule Kigoma, tarehe 5 Februari 1915, ilikuwa meli ya vita vya Wajerumani, na ubavuni mwake iliandikwa jina la mtu aliyekuwa amekwisha kufa: Graf von Goetzen.

Mtu huyo ni nani? Gustav Adolf von Götzen alizaliwa 1866 katika ukoo wa kikabaila wa Silesia, akawa afisa wa jeshi. Mwishoni mwa 1893 aliondoka Pangani, pwani ya bahari ya Hindi, na msafara wa mamia ya wapagazi, akaelekea magharibi. Mwezi wa Mei 1894 aliingia Rwanda na kukutana na mwami Kigeli Rwabugiri. Kutoka hapo akafika kwenye volkeno, akapanda Nyiragongo, akateremka hadi ziwa Kivu. Vitabu vya Ulaya vinasema ndiye Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo. Watu wa Goma, Idjwi na Kalehe walikuwa wakivua na kusafiri ndani yake tangu zamani, kwa hiyo sifa hiyo ina maana kwa Wazungu peke yao. Kisha akaingia katika msitu mkubwa wa magharibi, akapita kwa shida hadi mto Kongo, na Novemba 1894 akatokea Matadi. Alikuwa amevuka Afrika nzima, na mizigo yake yote, hema, chakula na baruti, ilikuwa imevuka juu ya vichwa vya watu wengine.

Safari hiyo ilimpa jina kubwa kwao. Mwaka 1901 akafanywa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, koloni iliyokusanya Tanganyika, Rwanda na Urundi. Wenyeji wa kusini mwa Tanganyika wanamkumbuka kwa jambo moja. Chini ya utawala wake watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa malipo madogo sana au bila malipo, na juu yake kodi. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba hiyo, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ametoa dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi. Wajerumani walimnyonga mapema, lakini vita vilienea kutoka kabila hadi kabila.

Jeshi la gavana halikushinda kwa bunduki peke yake. Lilichoma vijiji, ghala na mashamba, likazuia watu kupanda. Njaa ndiyo iliyoua wengi. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000, na wanahistoria wengi wanataja kati ya 200,000 na 300,000. Götzen aliondoka 1906 kabla vita havijaisha, akarudi kwao, akaandika kitabu juu ya uasi huo, akapewa kazi ya ubalozi mjini Hamburg, akafa 1910. Hakuhukumiwa na mtu. Miaka mitatu baadaye serikali yake ikampa meli.

Meli yenyewe ilitengenezwa 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg. Iliungwa kwanza, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, halafu kwa gari-moshi hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika 1914. Mafundi watatu wa Papenburg waliisimamia kazi ya kuiunga upya, pamoja na vibarua Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ilikuwa na urefu wa karibu meta 70. Hakuna chombo kingine ziwani kilichokaribia ukubwa huo.

Vita vilipoanza, meli iliyokusudiwa kubeba abiria na shehena ikawa ya kusaidia jeshi. Ilipewa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kubeba askari: watu mia kadhaa kutoka Kigoma hadi kusini mwa ziwa kwa muda mfupi, wakati kwa miguu ni mwendo wa majuma. Upande wa Kongo haukuwa na kitu cha kuizuia. Meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, ilikuwa imeharibiwa na Wajerumani tangu Agosti 1914. Nayo pia ilikuwa na jina la mtu, Mbeleji aliyeongoza msafara hadi Katanga. Hata meli iliyoiharibu, Hedwig von Wissmann, ilichukua jina la mke wa Hermann von Wissmann, mpelelezi wa Kasai na gavana mwingine. Ziwa lilijaa majina ya wageni waliopita.

Waingereza wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou. Zilikuja kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, zikavutwa kupitia milima ya Mitumba na mashine za mvuke, ng'ombe na watu, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, na Oktoba 1915 zikafika Lukuga, pale panapoitwa sasa Kalemie. Barabara na madaraja ya safari hiyo ni kazi ya Wakatanga. Mashua hizo ziliteka Kingani siku moja baada ya Noeli, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig. Goetzen hazikuigusa. Komanda wao, Spicer-Simson, alikataa kuishambulia.

Juni 1916 ndege za Wabeleji zenye kutua majini zilianza kutupa mabomu Kigoma. Wakati huo mzinga mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa kwenye mapigano ya nchi kavu. Wabeleji walipokaribia, mwisho wa Julai, Wajerumani waliizamisha meli wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi walipaka mashine mafuta mazito kwanza, wakitumaini kurudi kuichukua. Hawakurudi. Wabeleji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua 1924, wakakuta mashine bado nzima. Mei 1927 ilianza safari upya, jina la gavana limefutwa, ikaitwa Liemba, neno ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini wakiliita ziwa hilo.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa ulikodi Liemba na meli Mwongozo kuwarudisha Wakongomani waliokimbilia Tanzania. Zaidi ya watu 75,000 walivushwa. Katika miezi mitano Liemba peke yake ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Waliopanda walibeba sufuria, magodoro na watoto waliozaliwa ukimbizini.

Mei 2015 ikaitwa tena. Maelfu ya Warundi walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na maji, bila barabara ya gari, na kipindupindu kimeingia. Liemba haikuweza kufika ufukoni, basi watu walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwake na kupandishwa mmoja mmoja. Kila safari ilichukua watu wapatao 600 hadi Kigoma. Wengi wao walipelekwa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya watu wa Kivu Kusini, na wakakuta Wakongomani bado wapo.